WANGILA: Dhahabu ya Seoul, mauti ya Las Vegas na funzo kwa vijana wa Turkana

KATIKA muda wa siku 12 tu za mwaka wa 1967, walizaliwa Wakenya wawili ambao baadaye wangeipa nchi hii fahari kubwa katika kikosi kimoja. Wa kwanza ni Paul Ereng, Mturkana aliyezaliwa Kitale mnamo Agosti 22. Wa pili ni Robert Napunyi Wangila, aliyezaliwa Nairobi mnamo Septemba 3.

Miaka 21 baadaye, wote wawili walisimama juu kabisa ya jukwaa la washindi katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, Korea Kusini. Ereng alipanda jukwaa hilo kwa kasi ya miguu yake katika mbio za mita 800. Wangila alilipanda kwa nguvu za ngumi zake katika ndondi za uzito wa welter.

Tangu hapo njia zao ziliachana. Ereng alikimbia hadi muda wake ulipokwisha, kisha akawa kocha wa wanariadha chuoni nchini Marekani. Wangila naye alikwenda Marekani, lakini hakurudi akiwa hai. Alifariki Las Vegas mnamo Julai 24, 1994, kabla hajatimiza umri wa miaka 27, kutokana na majeraha ya ubongo aliyoyapata ulingoni siku mbili awali.

Maisha ya Wangila hukumbukwa zaidi kwa medali yake. Hilo ni haki yake. Hata hivyo, kifo chake nacho kina la kutuambia, hasa wakati huu ambapo mataifa mengi yanabishana kuhusu namna ya kuwalinda wachezaji wanaogongana vichwa, iwe ni ulingoni, katika raga au katika kandanda ya Kimarekani ambayo huchezwa kwa kofia ngumu. Ubishi huo unaweza kuonekana kuwa wa watu wa mbali. Si wa mbali. Unamhusu pia kijana wa Kalemng'orok, Lodwar au Kakuma anayevaa glovu kwa mara ya kwanza, na mwalimu anayemfundisha.

Mtoto wa enzi za ngumi

Wangila alikulia katika Nairobi ambayo ndondi ilikuwa mchezo wa mitaa. Vijana wa Eastlands walijifunza kurusha makonde katika kumbi za kijamii, na waliobobea walichukuliwa na klabu za majeshi, polisi, magereza na mashirika makubwa. Ajira ilikuwa sehemu ya mchezo. Kijana asiye na cheti cha maana aliweza kupata mshahara, nyumba na heshima kwa sababu ya mkono wake wa kulia.

Kizazi chake kilirithi jina kubwa. Philip Waruinge alikuwa ameshinda shaba Mexico mwaka wa 1968, na katika michezo hiyo akapewa tuzo ya bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wote. Miaka minne baadaye, mjini Munich, akaongeza fedha. Stephen Muchoki alitwaa ubingwa wa dunia wa mabondia wa ridhaa mjini Belgrade mwaka wa 1978. Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, na kwa hivyo mabondia wengi hodari walizeeka bila kuonekana. Iliporejea Los Angeles mwaka wa 1984, Ibrahim Bilali alipata shaba.

Kilichokosekana ni dhahabu. Waghana, Waganda na Wakenya walikuwa wameifikia fedha, lakini hakuna bondia Mwafrika mweusi aliyekuwa ameipatia nchi yake dhahabu ya Olimpiki. Mabondia wa Afrika Kusini waliopata dhahabu miaka ya 1920 na 1930 walikuwa Wazungu, na nchi yao baadaye ilifungiwa nje ya Olimpiki kwa ajili ya siasa za ubaguzi wa rangi.

Wangila alijitokeza wazi mwaka wa 1987, Kenya ilipoandaa Michezo ya nne ya Afrika na kufungua uwanja mpya wa Kasarani. Alitwaa dhahabu ya uzito wa welter mbele ya watu wa nyumbani. Hakuwa bondia wa madoido. Alisonga mbele, akambana mpinzani, na mkono wake mmoja ulitosha kumaliza kazi. Mashabiki walimpenda kwa sababu hawakulazimika kusubiri hesabu za majaji.

Siku za Seoul

Olimpiki za Seoul zilianza Septemba 17, 1988 na kumalizika Oktoba 2. Zilikuwa siku njema kwa Kenya. Mnamo Septemba 26, Ereng, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia ambaye hakujulikana sana, aliwapita Joaquim Cruz wa Brazil na Said Aouita wa Morocco katika hatua za mwisho. Peter Rono akashinda mita 1,500, Julius Kariuki mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na John Ngugi mita 5,000.

Wangila aliikamilisha hesabu hiyo ikawa dhahabu tano. Katika fainali alikutana na Laurent Boudouani wa Ufaransa, bondia ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia wa kulipwa. Pambano halikufika kwa majaji. Wangila alimwangusha katika raundi ya pili, na Mfaransa huyo hakuweza kuendelea. Katika michezo hiyo hiyo Chris Sande alishinda shaba ya uzito wa kati.

Ushindi wa nokauti ulikuwa na thamani ya pekee mwaka ule. Ndondi za Seoul zilichafuliwa na maamuzi ya kutiliwa shaka, na kubwa zaidi ni lile lililomnyima Roy Jones wa Marekani dhahabu katika fainali dhidi ya mwenyeji, Park Si-hun. Ushindi wa Wangila haukumtegemea jaji yeyote. Hadi Michezo ya Paris ya 2024, yake ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imeipata nje ya riadha, na baada ya Seoul hakuna bondia Mkenya aliyerudi nyumbani na medali yoyote ya Olimpiki.

Jambo moja halikuzungumzwa sana wakati huo. Wangila na Boudouani walipigana wakiwa wamevaa kofia za kukinga kichwa. Kofia hizo ziliingizwa katika Olimpiki mwaka wa 1984. Pambano zima lilikuwa la raundi tatu, na refa wa ridhaa alikuwa na desturi ya kusimamisha mchezo mapema akiona bondia amepepesuka. Mazingira hayo yote yangebadilika karibuni.

Njia ya Las Vegas

Medali ya dhahabu haikuliwa. Kama mabondia wengi wa wakati wake, Wangila alihesabu kwamba umri wa ngumi ni mfupi na kwamba fedha zilikuwa Marekani. Mwaka wa 1989 aliingia katika ndondi za kulipwa na kuyahamishia makao yake Las Vegas, mji wa kamari uliokuwa pia makao makuu ya mchezo huo.

Huko alikuta mchezo wenye jina lile lile lakini kanuni tofauti. Kofia ya kinga haikuwapo. Raundi ziliongezeka hadi kumi na zaidi. Bondia wa kulipwa hulipwa kwa kuvumilia, na anayeonekana kukata tamaa mapema hupata taabu ya kuitwa tena. Hata muda wa mapambano ya ubingwa ulikuwa umepunguzwa kwa gharama ya uhai wa mtu: mnamo Novemba 1982, katika mji huo huo wa Las Vegas, Mkorea Duk Koo Kim aliumia vibaya katika raundi ya 14 ya pambano na Ray Mancini, akafariki siku chache baadaye. Baada ya msiba huo raundi 15 zilianza kufutwa na kuwekwa 12.

Wangila alipigana mara 27 katika ndondi za kulipwa na kushinda 22, mengi kwa nokauti. Hata hivyo, mkanda wa ubingwa wa dunia haukumjia. Wapinzani wa ngazi ya juu walijifunza kwamba bondia anayesonga mbele daima pia hupatikana kwa urahisi. Mtindo uliompa dhahabu katika raundi tatu ulimgharimu katika raundi kumi, kwa maana kila konde alilorusha alilinunua kwa makonde aliyoyapokea.

Mnamo Julai 22, 1994 alipanda ulingo katika hoteli ya Aladdin dhidi ya David Gonzalez. Pambano lilikuwa gumu. Raundi zilivyosonga, Wangila alipokea makonde mengi kichwani, naye akaendelea kusimama. Katika raundi ya tisa refa Joe Cortez aliona imetosha, akaingia kati na kusimamisha pambano.

Wangila hakukubaliana na uamuzi huo. Alilalamika ulingoni kwamba bado angeweza kupigana. Alitoka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe. Baada ya muda mfupi, akiwa katika chumba cha kubadilishia nguo, hali yake iligeuka na akapoteza fahamu. Alikimbizwa hospitalini, akafanyiwa upasuaji wa ubongo, lakini hakuzinduka tena.

Hapa ndipo penye fundisho gumu kuliko yote katika maisha yake. Mara nyingi bondia anapokufa, lawama humwendea refa aliyechelewa. Usiku ule refa alisimamisha pambano huku bondia akiwa bado wima, akizungumza na kupinga. Kanuni ilifuatwa. Daktari alikuwapo. Hospitali zenye wapasuaji zilikuwa mjini humo humo. Hata hivyo Wangila alikufa.

Ubongo unavyoumia

Kuelewa sababu, ni lazima kuelewa namna konde linavyofanya kazi. Ubongo umeelea ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji. Kichwa kikisukumwa ghafla, hasa kikizungushwa upande, fuvu hutangulia na ubongo hufuata kwa kuchelewa. Mishipa midogo ya damu inayounganisha ubongo na utando wake inaweza kuvutika na kukatika. Damu huvuja polepole, na kwa kuwa fuvu halitanuki, damu hiyo huanza kuubana ubongo.

Ndiyo sababu mtu anaweza kutoka ulingoni akitembea, akatoa hoja, kisha akaanguka baada ya nusu saa au saa kadhaa. Kusema kwake kwamba yuko sawa si ushahidi wa kitabibu. Kiungo kilichoumia ndicho hicho hicho kinachoulizwa kama kimeumia.

Yako pia madhara ya polepole. Mwaka wa 1928, daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika kuhusu mabondia wakongwe waliotembea kwa kuyumba na kusahau mambo, kana kwamba wamelewa. Mwaka wa 2002, Bennet Omalu, mtaalamu wa maiti aliyezaliwa Nigeria na kufanya kazi Pittsburgh, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, nyota wa zamani wa kandanda ya Kimarekani, na kuona uharibifu wa aina hiyo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2005, na mchezo tajiri kuliko yote Marekani ukalazimika kujitazama upya.

Kofia iliyogeuka rungu

Wengi wanapofikiria usalama, hufikiria kofia. Historia ya kandanda ya Kimarekani inatuonya tusiwe wepesi wa kuamini hivyo.

Mchezo huo ulikuwa na vifo vingi mwanzoni mwa karne ya 20 kiasi kwamba mwaka wa 1905 Rais Theodore Roosevelt aliwaita wawakilishi wa vyuo Ikulu kuzungumzia mageuzi. Baadaye kofia ya ngozi ikawa ya lazima, kisha ikaja ya plastiki ngumu. Ilizuia fuvu kupasuka. Lakini ilimpa mchezaji ujasiri mpya: badala ya kumkumba mpinzani kwa bega na kumzungushia mikono, alianza kuinamisha kichwa na kumpiga kwa utosi wa kofia. Kifaa kilichokusudiwa kuwa ngao kikageuka rungu. Mwaka wa 1968 pekee, wachezaji 36 walikufa kwa majeraha ya kichwa na shingo.

Shingo ndiyo iliyolipa gharama kubwa. Kichwa kinapoinamishwa, uti wa shingo hunyooka kama fimbo, na nguvu yote ya mgongano huushukia. Vijana walivunjika shingo na kupooza mikono na miguu. Daktari Joseph Torg na wenzake walikusanya hesabu: katika msimu wa 1976 walipooza hivyo wachezaji 34.

Mwaka huo wa 1976 vyuo na shule za sekondari zilipiga marufuku kuanzisha mgongano kwa kofia. Makocha wakalazimika kufundisha upya: macho mbele, kichwa juu, bega ndilo linalogonga, mikono ndiyo inayofunga. Kufikia 1984 idadi ya waliopooza ilishuka hadi watano. Mwaka wa 1990 ukapita bila mchezaji hata mmoja kufa moja kwa moja kutokana na mgongano uwanjani. Kofia ilikuwa ile ile kimsingi. Kilichobadilika ni kanuni na mafunzo.

Ubishi haukwisha. Vyuo viliweka adhabu ya kulenga kichwa mwaka wa 2008, na tangu 2013 anayepatikana na hatia hutolewa uwanjani. Ligi kuu ya kulipwa ilikaza kanuni mwaka wa 2018, ikaamua kwamba yeyote anayeinamisha kichwa na kuanzisha mgongano kwa kofia atozwe timu yake yadi 15. Wapo wanaolalamika kwamba mchezo unalainishwa. Wengine wanasema refa hawezi kupima katika nusu sekunde kama mkabaji alilenga kichwa au mwenye mpira ndiye aliyeinama. Hoja hizi zina uzito, na si haki kuzipuuza. Mkabaji anayeadhibiwa kwa sababu mwenzake aliteremka ghafla anaonewa. Lakini anayepima lawama hiyo ni vyema aiweke mizani moja na kiti cha magurudumu cha kijana wa miaka 17.

Kenya si mgeni kabisa katika ubishi huo. Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka katika raga, alijiunga na timu ya Indianapolis Colts mwaka wa 2013 na kucheza katika ligi hiyo kuu. Katika raga yenyewe, ambayo haina kofia ngumu, kumkaba mtu juu ya mabega ni kosa, na tangu 2023 mataifa kadhaa yameshusha zaidi mpaka huo kwa wachezaji wa ngazi za chini, hadi chini ya kifua.

Ndondi nayo ilipitia njia yake. Mwaka wa 2013 shirikisho la kimataifa la ndondi za ridhaa liliamua kuwaondolea wanaume kofia za kinga, na katika Olimpiki za Rio za 2016 walipigana vichwa wazi kwa mara ya kwanza tangu 1980. Waliotetea uamuzi huo walidai kwamba kofia huziba macho ya pembeni na kumpa bondia imani ya uongo, kwa hiyo akakubali kupigwa zaidi. Waliopinga waliuona kuwa wa hatari, na wakataja ngozi zinazochanika na vichwa vinavyogongana. Pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: kofia hupunguza majeraha ya ngozi, lakini haiwezi kuuzuia ubongo kuyumba ndani ya fuvu.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Wangila alikufa kwa kukosa kofia. Ukweli ni mpana zaidi. Alitoka katika mchezo wa raundi tatu uliolindwa na desturi ya kusimamisha mapema, akaingia katika mchezo ambao mwili ulitakiwa kupokea makonde kwa raundi nyingi, usiku baada ya usiku, kwa miaka mitano. Raundi ya tisa ya Julai 22 ilikuwa ya mwisho katika hesabu ndefu. Miaka miwili baada ya kifo chake, mwaka wa 1996, Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa mabondia wa kulipwa, iliyotaka kila bondia apimwe kabla ya pambano, daktari awe kando ya ulingo, njia ya kumfikisha hospitalini iwepo, na bondia aliyesimamishwa katika jimbo moja asikimbilie jingine.

Umbali wa Kalemng'orok

Turudi nyumbani. Kalemng'orok iko Turkana Kusini, kando ya barabara inayotoka Kitale na Kapenguria kupitia Kainuk kuelekea Lokichar, Lodwar, Kakuma hadi Lokichogio. Ni eneo lenye vijana wengi na ajira chache. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 katika Kaunti ya Turkana. Kakuma ina kambi ya wakimbizi tangu 1992, na kutoka huko wanariadha watano wa asili ya Sudan Kusini walikwenda Rio mwaka wa 2016 wakiwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Vipaji vipo, na michezo ni mojawapo ya milango michache inayofunguka.

Lakini tazama umbali. Wangila aliumia katika mji wenye wapasuaji wa ubongo, na hakupona. Kijana atakayeumia hivyo Kalemng'orok atahitaji kwanza gari, kisha barabara ambayo usalama wake umekuwa wa mashaka kwa miaka mingi, kisha hospitali ya rufaa ya Lodwar, na huenda mwishowe safari ndefu hadi hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret. Damu inayovilia kichwani haingoji safari hiyo.

Kwa sababu hiyo, mahali kama Kalemng'orok hapawezi kuiga tu kanuni za Las Vegas. Panahitaji kanuni kali zaidi, maana nyuma ya kanuni hizo hakuna kitu kingine cha kumwokoa mtoto. Kinga ni bora kuliko tiba, na pale ambapo tiba iko mamia ya kilomita, kinga ndiyo tiba yenyewe.

Kanuni hizo si za gharama. Mwalimu anaweza kukataza makonde ya kichwa mazoezini kwa wanaoanza, na kuacha kichwa kiguswe tu katika mashindano yenye daktari. Anaweza kutowapambanisha mtoto wa kilo 45 na mwenzake wa kilo 55 kwa sababu tu wote wana umri mmoja. Katika raga anaweza kufundisha wiki nzima namna ya kumwangusha mtu kwa bega, kichwa kikiwa upande wa nyuma ya mwili wa anayekabwa, kabla ya kuruhusu mchezo wa kweli. Hakuna kati ya haya linalohitaji bajeti ya kaunti.

Kubwa kuliko yote ni kanuni ya kumtoa mchezaji. Aliyegongwa kichwa na kupepesuka, kuchanganyikiwa au kuzimia hata kwa sekunde chache, asirudi mchezoni siku hiyo, hata akilia, hata akiwa nyota wa timu. Asiachwe peke yake usiku huo. Akianza kutapika, kuumwa kichwa kunakozidi, kusinzia isivyo kawaida, kupata degedege, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko nyingine, apelekwe hospitalini bila kungoja asubuhi. Akipona, apumzike hadi mhudumu wa afya amruhusu, kwani ubongo uliotikisika mara moja huumia kwa urahisi zaidi mara ya pili.

Vijana watapinga. Wangila naye alipinga, na upinzani wake ulikuwa wa mtu jasiri aliyezoea kushinda. Ujasiri ni sifa ya bondia, lakini haumpi uwezo wa kuona ndani ya fuvu lake. Kazi ya kuona kwa niaba yake ni ya refa, kocha, mwalimu na mzazi, na wanapaswa kuifanya kabla ya raundi ya tisa.

Wako watakaosema kwamba njia salama ni kuifuta ndondi kabisa. Mjadala huo ni halali. Lakini Wangila aliipenda kazi yake, ilimtoa mtaani, na iliipa nchi dhahabu ambayo hakuna mwingine ameipata. Kuufunga mlango huo bila kufungua mwingine kungekuwa kuwaadhibu maskini kwa umaskini wao. Kuuacha wazi bila mlinzi ni kuwatoa kafara.

Mwili wa Wangila ulirejeshwa nyumbani, na nchi ikamlilia. Zaidi ya miaka 30 imepita. Ereng, mwenzake wa rika aliyeshinda siku chache kabla yake, amepata nafasi ya kuwafundisha vijana wengine aliyoyajua. Wangila hakuipata. Kilichobaki ni sisi kuwafundisha kwa niaba yake, na mahali pa kuanzia ni pale ambapo kijana wa kwanza atagongwa kichwa leo jioni, na mtu mzima aliye karibu atalazimika kuamua kama amtoe au amwache aendelee.